Kiendeshi kilichofanya kazi jana: namna ya kushughulikia rigresheni katika kerneli ya Linux

Hitilafu za viendeshi (programu zinazoiwezesha kompyuta kutumia vifaa vyake) katika kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo endeshi, ni za aina mbili, na hazitendewi sawa. Ya kwanza ni ya kifaa ambacho hakijawahi kufanya kazi ipasavyo, kwa mfano kipaza sauti ambacho kerneli haijawahi kukitambua tangu kompyuta inunuliwe. Hiyo husubiri zamu yake. Ya pili ni ya kifaa kilichofanya kazi vizuri katika toleo moja, kisha kikaacha kufanya kazi, au kikafanya kazi vibaya zaidi, katika toleo lililofuata. Hitilafu ya aina hii ya pili huitwa rigresheni, na kwa kanuni ambayo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ameishikilia kwa miaka mingi bila kulegeza kamba, rigresheni haipangi foleni: aliyeleta badiliko ndiye mwenye deni, na asipoweza kulilipa kwa wakati, badiliko lake hutenguliwa.

Kanuni hiyo humpa mtumiaji wa kawaida nguvu ambayo pengine hajui kuwa anayo. Barua inayosema tu kwamba "Wi-Fi yangu imeharibika baada ya kusasisha" inaweza kukaa wiki kadhaa bila jibu, ilhali barua inayotaja badiliko moja mahususi, na kuonesha kwamba likiondolewa kifaa hupona, hujibiwa mara nyingi siku hiyo hiyo na mtu aliyeliandika. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu namna ya kulipata badiliko hilo.

Hakikisha kwamba ni rigresheni kweli

Nyaraka za kerneli zinaeleza kwamba rigresheni ni pale programu au matumizi halisi yaliyokuwa yakienda vizuri katika kerneli moja yanapokwenda vibaya, au yasipokwenda kabisa, katika kerneli mpya zaidi iliyokompailiwa (iliyojengwa kutoka msimbo wake) kwa mipangilio inayofanana. Kila sehemu ya maelezo hayo ina uzito. Kifaa si lazima kife kabisa. Diski iliyopungua kasi au betri inayoisha mapema kuliko zamani nayo huhesabiwa. Lakini mipangilio ikiwa imebadilika, yaani kama kerneli mpya ilikompailiwa bila kiendeshi fulani, hapo hakuna rigresheni ya kerneli bali kuna aliyesahau kuweka alama mahali panapostahili.

Viendeshi vinavyosambazwa nje ya hazina rasmi, kama vile vya kadi za michoro ambavyo msimbo wake umefungwa, havilindwi na kanuni hii, kwa sababu kerneli haijawahi kuahidi kwamba miundo yake ya ndani haitabadilika. Soma faili la /proc/sys/kernel/tainted. Likionesha 0, kerneli yako ni safi. Likionesha namba nyingine, na katika kumbukumbu za dmesg (amri inayoonesha ujumbe wa kerneli) ukaona herufi P (msimbo uliofungwa) au O (msimbo wa nje) baada ya neno Tainted, ondoa kwanza moduli hiyo ya nje, yaani kipande cha kiendeshi kilichopakiwa ndani ya kerneli, washa kompyuta upya na ujaribu tena, maana mtunzaji, yaani msimamizi wa sehemu hiyo ya kerneli, akiiona herufi hiyo ana haki ya kuacha kusoma.

Fimwea, yaani programu inayoendeshwa ndani ya kifaa chenyewe, nayo huwachanganya wengi. Mara nyingi usasishaji mmoja huleta kerneli mpya pamoja na kifurushi kipya cha fimwea, na kosa likitokea hujui umlaumu nani. Rudisha kerneli ya zamani huku fimwea ikibaki mpya. Kifaa kikiendelea kugoma, elekeza macho kwenye fimwea. Kinyume chake, kama kerneli mpya inadai fimwea mpya ndipo kifaa kifanye kazi, hiyo ni rigresheni halali, kwa kuwa miongozo ya kerneli inataka kiendeshi kiendelee kufanya kazi na fimwea ambayo mtumiaji alikuwa nayo tayari.

Jambo jingine la kuchunga ni kutoa hukumu mapema. Mwaka 2008, wakati toleo la 2.6.27 likiwa bado katika majaribio, kadi za mtandao za Intel zinazotumia kiendeshi cha e1000e zilianza kuharibika kabisa: kumbukumbu ya kudumu ndani ya kadi ilikuwa ikiandikwa takataka, na kadi haikufanya kazi tena hata kwa kerneli ya zamani. Kila mtu alikitazama kiendeshi. Baada ya uchunguzi mrefu ilionekana kwamba aliyekuwa akiandika ni ftrace, chombo cha kufuatilia utendaji wa kerneli, ambacho kilirekebisha msimbo katika sehemu za kumbukumbu zilizokwisha kuachiliwa, na baadhi ya sehemu hizo zilikuwa zimeshapewa kadi ya mtandao. Kiendeshi kilichoonekana katika kila ripoti hakikuwa na kosa hilo. Ndiyo maana ripoti nzuri hueleza kilichoonekana na toleo kilipoanzia, na dhana ya mwandishi kuhusu chanzo huandikwa kando, ijulikane kuwa ni dhana.

Kulisaka badiliko

Kabla ya kuanza, jaribu toleo la majaribio la karibuni zaidi kutoka tawi kuu (msimbo unaosimamiwa na Torvalds mwenyewe), na upekue kumbukumbu za barua katika lore.kernel.org kwa kutumia jina la kiendeshi. Huenda mwingine alishaumia kabla yako na dawa imeshapatikana.

Tuseme haijapatikana, na tuchukue mfano wa kompyuta mpakato ambayo, ikilazwa na kuamshwa, kadi yake ya Wi-Fi hutoweka. Katika toleo la 6.11 tatizo halikuwapo, katika 6.12 lipo. Kati ya matoleo mawili yanayofuatana ya tawi kuu kwa kawaida kuna mabadiliko zaidi ya elfu kumi, na hakuna anayeweza kuyasoma yote. Lakini ukipima lililo katikati, ukajua kama ni zuri au baya, umeshaondoa nusu. Kwa kuendelea hivyo, mabadiliko 16,000 yanamalizwa kwa hatua 14. Kazi hiyo ya kugawa nusu kwa nusu hufanywa na amri ya git bisect, git ikiwa chombo kinachotunza historia ya msimbo.

Hazina nzima ya msimbo ni kubwa, gigabaiti kadhaa, na kwa anayenunua bando la intaneti kwa kipimo hilo si jambo dogo. Chaguo la --shallow-exclude=v6.10 katika amri ya git clone huiacha nje historia yote iliyofikia toleo hilo, na kupunguza mzigo kwa kiasi kikubwa. Ila hakikisha kwamba toleo zuri unalolijua limo ndani ya historia uliyopakua.

Ukiwa umewasha kerneli nzuri, chomeka vifaa vyote unavyovitumia, hata kile unachokigusa mara moja kwa mwezi, kisha andaa mipangilio:

cp /boot/config-$(uname -r) .config
make localmodconfig
cp .config ~/config-nzuri

Amri ya pili huondoa kila moduli isiyotumika kwa wakati huo, na hiyo ndiyo tofauti kati ya kukompaili kwa muda mrefu wa kuchosha na kukompaili kwa muda unaovumilika. Kifaa ambacho hakikuchomekwa kitakosa kiendeshi, nawe utadhani umegundua rigresheni ya pili. Nakala ya config-nzuri inahitajika kwa sababu utakuwa ukiruka mbele na nyuma katika historia, na kila unaporuka nyuma, machaguo ambayo yalikuwa hayajaanzishwa hufutika kimyakimya kwenye faili la .config.

git bisect start
git bisect good v6.11
git bisect bad v6.12

Baada ya hapo, kwa kila hatua:

cp ~/config-nzuri .config
make olddefconfig
make -j$(nproc)
sudo make modules_install install

Washa upya, na kabla ya kupima chochote andika uname -r ujiridhishe kwamba kerneli inayoendesha kompyuta ndiyo uliyoitengeneza sasa hivi. Hakuna kosa linalopoteza siku nyingi kuliko kupima kerneli isiyo yenyewe, aidha kwa sababu kianzishi (programu inayoiwasha kerneli) kimechagua ya zamani, au kwa sababu sehemu ya /boot imejaa na usakinishaji ukashindwa bila mwenye kompyuta kusoma ujumbe wa mwisho. Iwapo kompyuta ina Secure Boot, izime wakati wa kazi hii, kwani kerneli uliyoitengeneza mwenyewe haina saini inayotambuliwa.

Usishtuke ukiona uname -r inakuandikia 6.11.0-rc4 ilhali ulisema 6.11 ni nzuri. Watunzaji huanzisha matawi yao juu ya matoleo ya majaribio ya awali, kwa hiyo badiliko lililoingia katika 6.12 linaweza kuwa limeandikwa juu ya msingi wa zamani zaidi. Git inajua inachofanya.

Kupima kwenyewe kunataka nidhamu. Katika mfano wetu, amri hii huilaza kompyuta na kuiamsha baada ya sekunde 20:

sudo rtcwake -m mem -s 20

Kisha ip link inaonesha kama kadi ya Wi-Fi ipo. Kama tatizo hutokea kila mara, jaribio moja linatosha. Lakini kama hutokea mara moja tu kati ya tatu, jaribio moja lililofaulu halithibitishi chochote. Inabidi urudie mara 10 ndipo uwezekano wa kudanganyika ushuke chini ya asilimia 2. Jibu la "bad" linaweza kutolewa pale pale kosa linapoonekana, ila la "good" hutolewa kwa subira, kwa sababu jibu moja la uongo huupotosha msako wote na kukufikisha kwenye badiliko lisilohusika, labda la kibodi au la mfumo wa faili. Ukifika mahali pa ajabu namna hiyo, usiripoti. Rudi ukakague majibu yako kwa git bisect log.

Kerneli isipokompailika katika hatua fulani, au ikigoma kuwaka kwa sababu nyingine, tumia git bisect skip, wala usibahatishe jibu. Umeme ukikatika katikati hakuna hasara, kwa kuwa hali ya msako huhifadhiwa ndani ya saraka ya .git na utaendelea ulipoishia. Na ikiwa msako unapita katika historia ya mwanzo wa mwaka 2021, tahadhari: toleo la 5.12-rc1 lilikuwa na kosa lililoharibu data za wanaotumia faili la swapu (nafasi ya diski inayosaidia kumbukumbu ya kompyuta), hata Torvalds akaubadilisha utambulisho wake kuwa v5.12-rc1-dontuse. Msako ukitua maeneo hayo, zima swapu ya faili au ruka.

Mwishoni git itatangaza badiliko la kwanza baya. Usimalize hapo. Rudi kwenye toleo jipya kabisa, litengue badiliko hilo kwa git revert, kompaili na upime. Kifaa kikipona, unao ushahidi ambao ni vigumu kuupinga. Ikishindikana kutengua kwa sababu msimbo umeshabadilika mno, sema hivyo katika ripoti. Matokeo ya msako bado yana thamani.

Ripoti

Ripoti huandikwa kwa Kiingereza chepesi, katika barua pepe ya maandishi matupu, kwani orodha za barua pepe za kerneli hukataa barua za HTML. Kichwa kianze na [REGRESSION] katika mabano ya mraba. Sentensi ya kwanza iseme kifaa gani, kosa gani, toleo la mwisho zuri, toleo la kwanza baya na badiliko lililopatikana. Mengine yafuate: dmesg kamili ya kerneli nzuri na ya kerneli mbaya, utambulisho wa kifaa kutoka lspci -nn au lsusb, na hatua za kulirudia tatizo. Usikate dmesg ukabakiza mistari unayodhani ni muhimu; mara nyingi mstari wenye jibu upo dakika nzima kabla ya kosa.

Anayepelekewa ni mwandishi wa badiliko na wote walioliwekea saini, pamoja na watunzaji wanaotajwa na scripts/get_maintainer.pl. Nakala iende regressions@lists.linux.dev. Baadhi ya sehemu, hasa viendeshi vya michoro vya Intel na AMD, hupokea ripoti katika tovuti ya GitLab ya freedesktop.org; mstari wenye herufi B katika faili la MAINTAINERS ndio unaoelekeza. Hata huko, tuma barua fupi yenye kiungo kwenye orodha ya rigresheni, na ndani yake uweke aya ya peke yake kama hii:

#regzbot introduced: v6.11..v6.12

Ukishalijua badiliko, weka namba yake badala ya masafa hayo. Mstari huo husomwa na regzbot, programu ya kufuatilia rigresheni iliyoanzishwa na Thorsten Leemhuis, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba ripoti haisahauliki hata kama mtunzaji yupo likizo.

Kwa upande wa aliyeliandika badiliko

Sasa tuhame upande. Barua imekufikia, na badiliko linalotajwa lina jina lako. Jibu haraka, hata kama jibu ni kwamba umeiona na utaishughulikia kesho kutwa. Kisha jizuie kutoa majibu matatu ambayo huja mdomoni yenyewe: kwamba kifaa cha mtumiaji hakifuati viwango, kwamba asasishe BIOS, na kwamba kosa hasa ni la programu nyingine. Yote matatu yanaweza kuwa kweli, na hakuna hata moja linalokuondolea deni, maana jana kifaa hicho hicho, kwa BIOS hiyo hiyo na programu hizo hizo, kilifanya kazi.

Desemba 2012 badiliko katika uvcvideo, kiendeshi cha kamera za USB, lilirekebisha namba ya kosa inayorudishwa kwa programu, ikawa ENOENT (yaani "hakuna faili kama hilo"). Programu zinazotumia sauti na kamera zikavurugika, na mtunzaji mmoja akajibu kwamba hilo lilionekana kuwa kosa la programu. Torvalds alimjia juu kwa maneno makali sana, ambayo hayafai kuigwa, lakini hoja yake imebaki kuwa sheria: kerneli haivunji programu za watumiaji, na badiliko linalozivunja ni kosa la kerneli.

Swali la kweli ni kama urekebishe au utengue. Kwa rigresheni nzito, nyaraka za kerneli zinashauri dawa iingie tawi kuu ndani ya siku mbili au tatu baada ya chanzo kujulikana. Ukiwa hujaelewa kinachoendelea baada ya siku hizo, tengua. Waandishi wengi huona kutengua ni aibu, na nadhani hapo ndipo wanapokosea zaidi: badiliko lililotenguliwa linaweza kurudi katika mzunguko unaofuata likiwa limepona, ilhali kiraka (badiliko la kurekebisha kosa) kilichoandikwa kwa haraka juu ya msimbo usioeleweka huzaa rigresheni nyingine. Kutengua hakufai pale badiliko lilipoziba tundu la usalama, au pale ambapo wengine wameshaanza kulitegemea, kwa sababu wao nao watapata rigresheni yao. Hapo inabidi kutafuta dawa nyembamba zaidi.

Dawa nyembamba inayopendwa ni orodha ya vighairi: kiendeshi hutambua modeli fulani ya kompyuta au kadi, na kwa hiyo tu hurudia tabia ya zamani. Inafaa pale unapojua kwa hakika kwamba modeli hiyo ndiyo yenye kasoro. Lakini kama umeiongeza kwa sababu tu ndiyo ya mtumiaji aliyeripoti, fahamu kwamba wapo wenye modeli za jirani ambao hawataandika barua kamwe. Watarudi kwenye kerneli ya zamani, au wataacha kuitumia Linux. Ripoti ya pili ya aina hiyo hiyo ikifika, acha kuongeza orodha na ubadilishe tabia ya msingi.

Kiraka chenyewe kiwe na mstari wa Fixes wenye angalau herufi 12 za mwanzo za namba ya badiliko lililokosea, Reported-by ya aliyeripoti, Closes yenye kiungo cha ripoti yake ili regzbot ifunge shauri, na Cc: stable@vger.kernel.org ikiwa kosa limeshafika katika toleo lililotolewa. Mtumie aliyeripoti akijaribu, kisha akikubali mwekee Tested-by.

Angalia pia unakipeleka katika tawi gani. Mzunguko wa kerneli huanza na wiki mbili za kupokea mambo mapya, kisha matoleo ya majaribio hutoka kila wiki hadi rc7 au rc8. Kiraka cha rigresheni kinastahili kuingia katika rc inayofuata. Mtunzaji akikiweka katika foleni ya mambo mapya, kama inavyotokea mara nyingi kwa mazoea tu, mtumiaji atakipata katika toleo rasmi baada ya miezi miwili au zaidi.

Matoleo thabiti

Watu wengi hukutana na rigresheni katika matoleo thabiti, yale yenye namba tatu, kwa sababu ndiyo wanayopewa na wasambazaji. Hapo msako ni mfupi: kati ya matoleo mawili yanayofuatana huwa kuna mabadiliko machache, aghalabu mamia, na hatua nane au tisa hutosha. Kwanza lakini pima tawi kuu. Likiwa na kosa lile lile, ripoti iende kwa watunzaji wa kiendeshi. Likiwa zima, kuna uwezekano mkubwa kwamba badiliko limeletwa katika toleo thabiti bila badiliko jingine linalohitajika ili lifanye kazi, na hapo ripoti iende pia kwa orodha ya stable.

Haraka katika sehemu hii si ya mapambo. Katika 5.19.12, iliyotoka mwishoni mwa Septemba 2022, mabadiliko ya kiendeshi cha michoro cha i915 yalifanya skrini za baadhi ya kompyuta mpakato za Intel ziwake na kuzima mfululizo. Mwendelezaji mmoja wa Intel alipozisoma kumbukumbu alionya kwamba muda wa kuwasha na kuzima umeme wa skrini kwa mpangilio ulikuwa umesomwa vibaya kiasi cha kuweza kuidhuru skrini yenyewe. Hakuna aliyekaa kutafuta dawa ya kifahari. Mabadiliko hayo yalitenguliwa, na 5.19.13 ikatolewa siku chache baadaye kwa ajili hiyo.

Katika hali ya kawaida, kiraka hakiingii toleo thabiti kabla ya kuingia tawi kuu. Kikishaingia, Greg Kroah-Hartman na Sasha Levin, watunzaji wa matoleo thabiti, hukiweka katika foleni, na kabla ya toleo kutoka, orodha yake hutangazwa kwa majaribio, kwa kawaida kwa saa 48. Aliyeripoti akiipakua wakati huo, akailaza kompyuta yake na kuiamsha mara kumi, na kadi ya Wi-Fi ikabaki mahali pake, atume barua ya mstari mmoja kusema hivyo. Kisha afute zile kerneli 14 za msako zilizojaa katika /boot na /lib/modules.